Nani ana ruhusa ya kumtania mama? Heshima, utani na tiba kemia

Siku ya 18 baada ya mama kupata dozi ya pili ya tiba kemia, yaani dawa za saratani, jirani yetu, mzee wa Kihehe aliyehamia Nkuhungu, hapa Dodoma, kutoka Iringa miaka mingi iliyopita, aliingia uani bila kupiga hodi, akamtazama mama aliyekuwa ameketi chini ya mwarobaini na kanga kichwani, kisha akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Nimekuja kurithi mbuzi, kumbe bado unahema!" Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji, na nusura nimfukuze. Mama, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akijibu kila swali kwa neno moja, aliinua kichwa akamjibu: "Mbuzi wapo, ila ninyi Wahehe nyama ya mbuzi hamjaizoea. Subiri mbwa wa jirani anenepe." Walicheka wote wawili hadi mama akajishika kifuani upande uliofanyiwa upasuaji.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimejaribu kazi hiyohiyo nikashindwa. Nilimwonyesha mama kichekesho kwenye simu, nikatangulia kucheka ili ajue mahali pa kuchekea, naye akaniambia "Asante, mwanangu" kwa upole wa mtu aliyeletewa zawadi ya sukari na mgeni asiyejua kwamba mwenyeji wake ana kisukari. Tofauti kati ya majaribio hayo mawili haikutokana na ubora wa mzaha, kwa maana mzaha wa mzee yule, ukiandikwa hivi, ni wa kutisha. Ilitokana na nani anayesema na siku anayoisemea, na mambo hayo mawili ndiyo yanayosahaulika kila ndugu wa mgonjwa wa saratani anapoambiwa kwamba "kicheko ni dawa, mchekeshe mzazi wako."

Tuanze na nani. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Kigogo, na katika nyumba nyingi za kanda hii ya kati, hujifunza mapema kwamba mbele ya mama na baba ulimi una mipaka. Humwamkia mzazi, humsikiliza, humjibu kwa adabu, hamtanii. Hilo halina maana kwamba wazee wetu walikuwa watu wa kununa. Kicheko walikiwekea njia zake: kilipita kati ya bibi au babu na mjukuu, kati ya mashemeji, kati ya mabinamu, na kati ya makabila yaliyowahi kupigana au kufanya biashara, kama Wagogo na Wahehe, au Wagogo na Wanyamwezi waliokuwa wakiikatiza Ugogo na misafara ya pembe za ndovu katika karne ya 19. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wagogo, alichapisha mwaka 1968 makala nzima kuhusu jinsi utani wao ulivyofungamana na ujamaa na ukoo. Kwa lugha yetu ya kila siku, alikuwa anaeleza kwamba hapa Dodoma mzaha una mwenyewe, na asiye mwenyewe akiuchukua anaonekana mtovu wa adabu hata kama nia yake ni njema.

Mtani ana kazi ambayo ndugu wa damu hawezi kuifanya. Msibani ndiye anayekejeli waombolezaji, anayezuia jeneza lisitoke mpaka alipwe, anayeigiza mwendo wa marehemu wakati watoto wa marehemu wanalia. Kwa kuwa ana ruhusa hiyo msibani, anayo pia kitandani pa mgonjwa. Nyumbani kwetu neno saratani lenyewe lilikuwa halitamkwi. Tulisema "ule ugonjwa" na "zile dawa", na kifo tulikizungukia mbali kama watu wanaokwepa shimo la choo usiku. Mzee wa Kihehe alikigusa waziwazi katika sentensi yake ya kwanza, akakifunganisha na mbuzi, na tangu siku hiyo mama alianza kuzungumza juu ya shamba lake la zabibu na nani atalipalilia iwapo yeye hatakuwepo, mazungumzo ambayo sisi watoto tusingeyaanzisha hata kwa kulipwa.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa mtoto, kwa maoni yangu, ni kufungua geti. Awaite wenye ruhusa: mjukuu, wifi, shemeji, binamu wa mama wa kule Mvumi ambaye hajawahi kumwita kwa jina lake halisi. Kisha akae pembeni, asiwakataze, na asijisikie ameporwa nafasi. Ni jambo gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu anayelipa nauli, anayesimama kwenye foleni ya maabara na anayefua mashuka angependa pia kuwa yeye anayeleta tabasamu.

Isipokuwa mzazi mwenyewe akianza. Mlango ukifunguliwa kutoka ndani, mtoto anaweza kuingia hatua moja. Dozi za mwanzo za mama zilikuwa na ile dawa nyekundu, doksorubisini, ambayo muuguzi huisukuma polepole kwenye mshipa na ambayo huugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Mama alitoka chooni jioni ile akatangaza kwamba leo amepewa mvinyo wa Makutupora na hakuna aliyemtoza kodi. Hapo niliweza kumwuliza kama ulikuwa mkavu au mtamu, naye akacheka, kwa sababu mzaha ulikuwa wake na mimi nilikuwa mpokeaji tu. Kama ningekuwa mimi niliyeanza kuuzungumzia mkojo wa mama yangu, ingekuwa habari nyingine kabisa. (Niongeze jambo lisilo la kuchekesha: wekundu ukizidi siku mbili, au ukiambatana na maumivu wakati wa kukojoa, huo si mvinyo tena, baadhi ya dawa za saratani huweza kusababisha kibofu kutoa damu, na hospitali inapaswa kuambiwa.)

Sasa siku. Mzaha uleule unaweza kuwa tiba Jumanne na ukatili Ijumaa, na ili kuelewa sababu yake ni lazima kujua dawa zinafanya nini mwilini. Seli za saratani zina tabia ya kugawanyika ovyo na kwa kasi, na dawa nyingi za tiba kemia huziua seli wakati zinajigawa. Dawa hizo, hata hivyo, haziulizi kabila la seli. Zinazikuta pia seli nyingine za mwili ambazo kwa kawaida yake hujigawa haraka: za mashina ya nywele, za ngozi laini ya kinywa na utumbo, na za uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele, hutoka vidonda mdomoni, huharisha au hukosa choo, na hupungukiwa damu. Mapumziko kati ya dozi na dozi, ambayo kwa dawa nyingi hufanya mzunguko kuwa wa siku 21, yamewekwa ili seli hizo njema zipate nafasi ya kujijenga upya.

Mzunguko huo una tabia zake, na familia inayouangalia kwa makini huujua baada ya dozi ya pili. Siku ya dozi na moja au mbili zinazofuata, wagonjwa wengi hupewa deksamethasoni ili kuzuia kutapika, nayo huwanyima baadhi yao usingizi na kuwapa uchangamfu wa ajabu. Mama alikuwa akiniita saa nane za usiku kunisimulia jinsi baba alivyokuja kumposa akiwa amevaa koti la kuazima, hadithi niliyoisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 41. Nilidhani amepona. Siku ya nne dawa ile ilipokwisha mwilini, alianguka kitandani kama mtu aliyekatiwa umeme, na mzaha wowote wa siku hizo ulikuwa sawa na kumpigia mtu ngoma sikioni akiwa na homa. Kichefuchefu hakina utani. Muda huo unahitaji chumba chenye hewa, vitunguu vikaangwe mbali, na mtu wa kukaa kimya karibu.

Baada ya hapo inakuja wiki ya hatari. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili dhidi ya maambukizi, hushuka kabisa, na mafua ya kawaida ya mjukuu yanaweza kumlaza bibi hospitalini. Hapa ndipo desturi zetu na damu ya mgonjwa zinapogongana uso kwa uso. Utani unataka watu, tena wengi, wanaoingia bila hodi, wanaoshikana mikono na kupigana mabega. Chembe nyeupe zinataka wageni wachache walionawa mikono, wasio na kikohozi, nje ya nyumba. Sisi tulilitatua kwa kalenda ya ukutani. Wiki ya pili wageni walikomea chini ya mwarobaini, hatua kadhaa kutoka kwenye kiti cha mama, na wengine walituma sauti kwa WhatsApp, ambazo mama alizirudia mara tatu tatu. Wiki ya tatu, damu inapokuwa imeanza kupanda na hamu ya kula imerudi, ndiyo tuliyoiita wiki ya watani. Mzee wa Kihehe alikuja siku ya 18 kwa bahati tu, baadaye alikuwa akiuliza mwenyewe, "Leo ni siku ya ngapi?"

Katika wiki ya pili hiyohiyo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila anayemwuguza mzazi alijue. Ilikuwa dozi ya tatu, siku ya kumi, mwezi Oktoba, wakati Dodoma inawaka na vumbi limekaa juu ya kila kitu. Mama aliomba shuka la pili na kusema, "Mmenihamishia Makete bila kuniaga?", akimaanisha kule Nyanda za Juu kwenye baridi kali. Dada yangu alicheka, mimi nilicheka, hata mama alicheka. Tulikuwa tumeshaukariri mchezo, kwamba mama anatania maana yake mama yuko vizuri. Mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na mbili ambaye hakuna aliyemwuliza, ndiye aliyekwenda kuchukua kipimajoto. Kilisoma 38.6.

Kwa mtu aliye kwenye tiba kemia, joto la 38 na zaidi ni dharura ya saa ileile, usiku au mchana, kwa sababu mwili usio na chembe nyeupe hauwezi kupambana na maambukizi, na yanaweza kusambaa kwenye damu ndani ya muda mfupi. Mgonjwa apelekwe hospitali, aeleze kwamba yuko kwenye dawa za saratani na tarehe ya dozi ya mwisho, na asipewe parasetamoli nyumbani kwanza, maana itashusha joto na kuficha dalili bila kugusa chanzo chake. Mama alilazwa siku nne kwa antibayotiki za mshipa. Mzaha wa Makete ulikuwa taarifa ya ugonjwa iliyovaa nguo za utani, na mimi na dada tuliipokea nguo tukaiacha taarifa.

Wazazi wa kizazi kile hawajazoea kusema "naumwa" mbele ya watoto. Husema kwa kuzunguka. "Ugali una ladha ya sufuria": kinywa kimebadilika, ladha ya chuma imeingia, na pengine kijiko cha plastiki au cha mti kitasaidia. "Uji wa ukwaju ninaoupenda leo umenichapa kibao": mdomoni kuna vidonda, na uchachu uliokuwa unaamsha hamu wiki iliyopita sasa unachoma. "Vidole vyangu vimekwenda kulala kabla yangu": ganzi, ambayo baadhi ya dawa huileta na ambayo daktari anapaswa kuijua kabla ya dozi inayofuata, kwa kuwa anaweza kuamua kuipunguza. Tulianza kuandika mizaha ya mama kwenye daftari la kliniki, kila mmoja na tarehe yake, na daktari aliyelisoma alisema, akijizuia kucheka, kwamba ndilo daftari lenye historia kamili zaidi aliloliona wiki hiyo.

Nywele zinastahili maneno yake. Kwa dawa zinazoziondoa, huanza kutoka wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya kwanza, na watu wengi huchagua kunyoa mapema kuliko kuziokota kwenye mto wa kulalia na kwenye shuka. Ushauri unaosomwa sana ni kwamba familia nzima inyoe vipara ili kumchangamsha mgonjwa. Mimi ningesita. Katika jamii nyingi za hapa nchini mwanamke mtu mzima anaponyoa kichwa chote, wanaomwona huuliza nani amefariki, na nyumba nzima ikitoka na vipara, majirani wataanza kuleta maharage na kutandika mikeka. Mama aliwaza hivyohivyo. Alinyolewa na shangazi, chumbani, mlango umefungwa, na hatukusikia sauti. Kilichovunja ukimya huo ni mjukuu wa miaka sita, aliyeingia, akamzunguka bibi yake mzima, akasema, "Bibi, kumbe wewe na babu mna kichwa kimoja, mnaazimana?" Mtoto huyo alikuwa na ruhusa ya karne nyingi na hakujua.

Inabaki hoja ya kama kicheko kinatibu. Hakitibu saratani, na anayesema kinatibu anamwekea mgonjwa mzigo wa pili, kwa sababu uvimbe ukikua ataambiwa hakucheka vya kutosha. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika zaidi ni kidogo na bado kina thamani. Mwaka 2011 mtafiti wa Oxford, Robin Dunbar, na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu waliocheka hasa, kicheko cha tumbo, tena wakiwa pamoja na wenzao, waliweza kuvumilia maumivu kama ya ubaridi wa barafu mkononi zaidi kuliko waliotazama vipindi visivyochekesha. Wao wenyewe walidhani mwili unaachia endofini, kemikali zake za kutuliza maumivu. Ninachokichukua katika majaribio hayo ni lile neno "pamoja". Simu yangu na kichekesho chake havikuwa na nafasi ya kushindana na mzee aliyeketi kwenye kigoda mbele ya mama.

Tena kicheko chenyewe si ushahidi wa furaha, na Watanzania tunapaswa kulijua hilo kuliko wengine. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, 95 walipatwa na hali hiyo, na Machi mwaka huohuo shule ikafungwa. Waliochunguza hawakupata sumu wala kijidudu, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ilikuwa njia ya miili ya vijana kutoa hofu na msongo. Mzazi mgonjwa anaweza pia kucheka kwa namna hiyo, kwa kiwango kidogo: anatania kila unapomwuliza kama amekula, anageuza kila swali la daktari kuwa kichekesho, na ukitoka chumbani huna jibu hata moja. Utani wa mzee wa Kihehe uliacha mazungumzo nyuma yake. Utani wa kujifungia huacha kimya. Ukimwona mzazi yuko katika huu wa pili, usimfuatishe kwa kucheka. Keti, ngoja kicheko kiishe, uliza tena swali lilelile kwa sauti ya chini.

Na kinyume chake, mzazi aliyekuwa mcheshi akikaa wiki mbili bila kujibu mtani wake yeyote, hata wiki ya tatu ambayo mwili umepata nafuu, hapati usingizi na hataki kuonana na mjukuu, hilo ni la kumweleza daktari kama linavyoelezwa joto. Hapa Dodoma ni vigumu kutamka kwamba mtu anahitaji msaada wa afya ya akili, kwa sababu mji mzima umekua ukitaniana kwamba fulani katoroka Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili. Utani huo ninaupenda, lakini ndio mmoja ambao tuliuweka kando kwa miezi yote ya dawa.

Sisi watoto tulikuwa na mizaha yetu, mibaya, katika kundi la simu ambalo mama hakuwemo, na tuliipeleka na kuirudisha tukiwa ndani ya treni ya SGR kwenda Dar es Salaam, safari ambayo kabla ya Julai 2024 tungeifanya kwa basi kutwa nzima. Siwezi kuiandika hapa. Ilitufaa.

Dozi ya mwisho ilipokamilika, majibu ya kipimo kikubwa yalikuwa bado wiki nne mbele, na mama alitukataza kuandaa sherehe yoyote. Siku ya 18 mzee wa Kihehe alikuja, akapita moja kwa moja hadi bandani, akatoka na jogoo chini ya kwapa bila kumwomba mtu. Mama alisimama mlangoni akiwa na nywele mpya fupi zilizolala kama manyoya ya kifaranga, akampigia kelele za mwizi mpaka watu wa mtaa wa pili wakatoka kuchungulia.